Bima ya jeshi la Marekani ukiuguza mgonjwa wa tiba shufaa Dodoma

Shemeji yangu alitumikia jeshi la Marekani hadi akastaafu, kisha yeye na dada wakarudi nyumbani wakajenga Iyumbu. Saratani ya tezi dume ilipofika kwenye mifupa, akahitaji tiba shufaa, yaani ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, na kazi ya kufuatilia bima ilinikalia mimi. Naandika kwa sababu familia za namna hii zinaongezeka, na mengi tuliyahitaji kabla ugonjwa haujamlaza.

Kubwa kuliko yote ni hili: TRICARE, bima ya wanajeshi wa Marekani na wastaafu wao, hulipia hospisi, yaani matunzo ya mgonjwa aliye mwishoni mwa maisha, ndani ya Marekani na maeneo yake tu, kama Guam na Puerto Rico. Huko mgonjwa ambaye madaktari wanaona amebakiza takriban miezi sita huletewa nyumbani muuguzi, dawa na vifaa, vyote chini ya mpango mmoja. Ukiwa Dodoma mpango huo haupo. Kinachobaki ni kudai kipande kimoja kimoja kama matibabu ya kawaida: daktari, vipimo, dawa, kulazwa. Kwa hiyo anayefikiria kurudi huku akiwa tayari mgonjwa, akae na mwenza wake walipigie hesabu jambo hilo kabla hawajauza nyumba ya kule.

Kwa aliyevuka miaka 65 kuna mtego mwingine. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipi kitu huku, na wengi wanashawishika kuacha kuchangia sehemu B, ile ya kulipia madaktari. Usiache. Bila sehemu B unapoteza TRICARE For Life, yaani TRICARE ya wastaafu wenye Medicare, na huku nje hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Baada ya kiasi cha awali unachojilipia mwenyewe, wewe unabaki na asilimia 25 ya gharama zinazokubalika.

Kwa kawaida unalipa kwanza, ndipo unadai kwa fomu DD 2642. Muda wa kudai kwa matibabu ya nje ya Marekani ni miaka 3 tangu siku ya huduma, ila msijiachie. Risiti za EFD zinafifia, na kwa joto la hapa karatasi inabaki nyeupe kabisa ukiisahau kwenye gari. Toa kivuli siku hiyo hiyo. Omba na ankara yenye mchanganuo: jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi, ugonjwa, tarehe, huduma na bei ya kila kimoja. Wanataka pia ushahidi kwamba ulilipa, hivyo taarifa ya benki au ya simu iambatanishwe.

Na mgonjwa asaini mapema karatasi ya kumruhusu mtu kuzungumza na bima kwa niaba yake. Bila hiyo wanakukatalia kwa upole kabisa, hata ukiwa umekaa naye kitanda kimoja.

Kuhusu matibabu yenyewe, hapa mjini anzieni Hospitali ya Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, mkauliza tiba shufaa kwa jina hilo. Sisi mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa tuliifuata Ocean Road, Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ilitusaidia sana. Kwa mtu mwenye mifupa inayouma, barabara ya Morogoro ni mateso.

Morfini ya maji ndiyo iliyotuletea ugomvi ndani ya nyumba. Hunywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu inafunga tumbo. Mama mkubwa alikuja kutoka Mvumi kumjulia hali, akamwona dada anavuta dawa kwa bomba la sindano.

“Nyie mnamlewesha mtu wa watu!”

Muuguzi aliyekuwapo hakubishana naye. “Mama, hebu muulize mwenyewe.”

“Shikamoo mama,” shemeji akasema. “Jana nimelala.”

Mama mkubwa akaketi, akaomba aonyeshwe kipimo. Kuanzia hapo dozi ya saa nne usiku ilikuwa yake. Ndugu wakifika, msiwafiche dawa hii. Waelezeni, na muwape zamu, maana mke peke yake hawezi, na huku hakuna bima itakayomlipia mtu wa kumpokea.

Mwisho ni pensheni, ingawa ni vigumu kuizungumza mgonjwa akiwa hai. Mstaafu akifariki, pensheni yake husimama, na fedha zitakazoingia baada ya hapo zitarudishwa kutoka kwenye akaunti. Toeni taarifa mara moja, wala msizitumie kwenye msiba. Muulizeni mapema kama alijiunga na mpango wa mafao ya mjane, na cheti cha ndoa kiko wapi. Mjane awe na akaunti yake yenye fedha za kuendeshea nyumba wakati madai yake yanashughulikiwa.