Programu ya mizani ya maziwa inagoma na "Runtime error 200"

Swali: Habari fundi. Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha maziwa huku Njoro. Programu yetu ya kupokea maziwa iliandikwa miaka ya tisini kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya kampuni ya Borland. Aliyeiandika ni marehemu na msimbo chanzo haupo. Kompyuta ya zamani iliungua, tukaletewa Pentium 4 iliyotumika, ina Windows XP. Nikifungua programu, inaandika "Runtime error 200" na kufunga hata kabla ya menyu. Fundi wa mjini anasema data imeharibika, tununue programu mpya. Ni kweli?

Jibu: Dada, msinunue kitu bado. Kama inakufa kabla ya menyu, basi karibu hakika haijafungua hata faili moja ya wakulima wenu.

Kosa 200 ni la kugawanya: ama kwa sifuri, ama jibu limezidi ukubwa wa rejista (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa) inayolipokea. Prosesa haitofautishi haya mawili. Programu nyingi za Turbo Pascal zinabeba moduli ya Borland iitwayo CRT, nayo huamka kabla ya mstari wa kwanza wa programu yenyewe. Inahesabu mizunguko ambayo prosesa inamaliza katika pigo moja la saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55. Jibu lazima liingie kwenye biti 16, yaani lisipite 65,535. Mizunguko ikifika 3,604,480, halitoshi tena. Turbo Pascal 7 ilipotoka 1992 hakuna kompyuta ya dukani iliyokaribia hapo. Pentium 4 inapita bila kutoa jasho.

Kwanza nakili folda nzima kwenye flashi, na nakala hiyo isiguswe.

Halafu, kabla ya kupasua programu, punguza mwendo wa mashine. Sakinisha DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, na kwenye faili yake ya mipangilio weka `cycles=fixed 10000`. Maana yake ni takriban maagizo 10,000 kwa milisekunde, kwa hiyo katika milisekunde 55 ni kama 550,000 tu, mbali na ule mpaka. Kwa mizani iliyochomekwa COM1 (tundu la kwanza la serial), ongeza `serial1=directserial realport:com1`. Nawashauri njia hii, na sababu ni hiyo mizani yenyewe, kama utakavyoona.

Ukilazimika kutia kiraka, yaani kubadilisha baiti ndani ya programu yenyewe, fungua nakala ya faili ya EXE kwa HxD, kihariri cha baiti, na utafute baiti hizi: `B9 37 00 F7 F1`. B9 inapakia namba kwenye rejista CX. `37 00` ndiyo 55 kwa heksadesimali, baiti ndogo ikitangulia. F7 F1 ndiyo inayogawanya. Badilisha `37 00` iwe `FF FF`, yaani 65,535, uhifadhi kwa jina jingine. Usiongeze wala kupunguza baiti hata moja, maana anwani zote zilizo mbele zitahama.

Usipozipata, huenda faili imebanwa. Tazama mwanzoni mwake: ukiona `LZ91` imebanwa kwa programu ya LZEXE, na UNLZEXE itaifungua; ukiona neno PKLITE, ni mbanaji mwingine, nayo ina kifunguzi chake.

Sasa shida ya kiraka. Jibu la kule kugawanya ndilo linalotumika kila programu inapoambiwa isubiri. Ukigawanya kwa 65,535 badala ya 55, linapungua karibu mara 1,190, na kusubiri kunafupika vivyo hivyo. Kwa programu ya ankara, wala hutajua tofauti. Lakini kama yenu huiuliza mizani uzito, ikasubiri kidogo, kisha ikasoma, itasoma kabla mizani haijajibu. Unaweza kupata sifuri, au mbaya zaidi, uzito wa mkulima aliyetangulia. Hapo mtagombana na watu asubuhi nzima.

Kuhusu sheria usiogope: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kuinakili ili kurekebisha makosa na kuweka akiba. Kuwauzia majirani ni jambo jingine.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, pimeni madebe kadhaa mfululizo yenye uzito tofauti mnaoujua, la zito likifuatwa na jepesi. Kisha toa orodha ya malipo ya mwezi uliopita na uilinganishe na ile ya karatasi mliyonayo, shilingi kwa shilingi, kabla wakulima hawajaanza kuleta maziwa kwenye mashine hiyo.