Guivarc'h ni jina la Kibretoni
Je, jina Guivarc'h ni la Kijerumani? Hapana. Guivarc'h, jina la Stéphane Guivarc'h, yule mshambuliaji wa Ufaransa katika fainali ya Kombe la Dunia la 1998, ni la Kibretoni, lugha ya Kikelti iliyo ndugu ya Kiwelshi. Alama ni hiyo c'h: husomeka karibu na “kh” ya Khadija, na Kifaransa chenyewe hakina sauti hiyo. Ndani yake mna marc'h, yaani farasi. Zamani lilikuwa jina la mtu, baadaye likawa la ukoo. Ni adimu, na wengi wenye nalo wanatoka Finistère, ncha ya magharibi ya Bretagne, eneo la Wabretoni kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Stéphane mwenyewe alizaliwa huko, Concarneau. Ukilikuta Paris usishangae, Wabretoni wengi walihamia huko kutafuta kazi tangu karne ya 19.