Kadi Nzima, Draiva Imezeeka: Majibu ya Barua Zenu

Barua nilizochagua mwezi huu zina kilio kimoja: kompyuta imebadilishwa au imewekewa Windows mpya, na kadi, yaani kile kibao cha ziada kinachochomekwa ndani ya kompyuta, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri imenyamaza. Kadi nyingi za aina hii zinazoletwa mezani kwangu hapa Luthuli, Nairobi, ni nzima kabisa. Kilichokwisha ni draiva, ile programu ndogo inayozungumza na kadi, kwa kuwa walioiunda waliacha kuiandika miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja si kadi ni ya kampuni gani. Namuuliza ina chipu gani.

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Umoja. Marehemu baba aliweka kadi ya TV kwenye kompyuta yetu ya zamani, tukawa tunatazama taarifa ya habari humo. Sasa tuna kanda za VHS za harusi yake na mama ya mwaka 1993, na deki bado inacheza. Nimeihamishia kadi kwenye kompyuta ya mtumba yenye Windows 10, lakini inaonyesha alama ya njano tu, na sidii ya kadi inakataa kusakinisha. Kijana mmoja wa dukani ameniambia kadi hiyo ni takataka tangu televisheni zihamie dijitali. Ni kweli? Mama anatamani kuiona harusi yake.

JIBU: Si kweli, dada yangu, na tafadhali usiitupe. Kijana ameshika nusu ya habari. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, kwa hiyo ile sehemu ya kadi inayonasa mawimbi ya antena haina tena cha kunasa. Lakini harusi ya mama haiji kwa antena. Inakuja kwa waya kutoka kwenye deki, na karibu kadi zote za aina hiyo zina tundu la pembeni la kuingizia picha moja kwa moja, mara nyingi la rangi ya manjano. Sehemu hiyo haijaguswa na uhamiaji wa dijitali hata kidogo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi, usome maandishi ya chipu kubwa kuliko zote. Kadi za TV za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilikuja katika maboksi yenye majina chungu nzima, ila ndani nyingi zilibeba chipu ileile, Bt878 ya Brooktree, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Conexant. Kama maandishi yamefutika, Windows yenyewe itakuambia. Fungua Device Manager, bofya mara mbili kile kifaa chenye alama ya njano, nenda Details, kisha uchague Hardware Ids. Ukiona VEN_109E na DEV_036E, hiyo ni Bt878. Ukiona VEN_1131 na DEV_7134, ni SAA7134 ya Philips, nayo pia ina wokovu. VEN ni nambari ya kampuni iliyotengeneza chipu, DEV ni ya chipu yenyewe. Iandike nambari hiyo kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha la kompyuta, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kutafuta msaada popote.

Sidii inagoma kwa sababu draiva zake ni za enzi za Windows 98 na XP, za biti 32, aina ya zamani iliyotangulia ile ya biti 64. Windows ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32 hata ukiibembeleza namna gani. Isitoshe, tangu Vista ya mwaka 2007, Windows za biti 64 zinadai draiva iwe na saini ya kidijitali, na masharti ya saini hiyo yameendelea kukazwa. Utakutana na programu za bure zinazoahidi kukutafutia draiva zote za dunia. Zikimbie. Nimesafisha kompyuta nyingi zilizoharibiwa na programu hizo, na kadi ya mwenyewe ikabaki bubu vilevile.

Njia ninayokushauri ni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tena bila kuigusa Windows yako. Draiva ya Bt878 inaitwa bttv na imo ndani ya Linux yenyewe. Hata mwaka 2023 watunzaji wake waliifanyia ukarabati mkubwa ili isiondolewe. Ile ya Philips inaitwa saa7134. Weka Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, uchague kuijaribu bila kusakinisha. Ukifika kwenye dirisha la amri, andika `lspci -nnk`. Utaona orodha ya kadi zote, na chini ya kadi yako pawe na mstari unaotaja bttv. Ukiuona mstari huo, kazi ngumu imekwisha. Kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha, itoe, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, kisha uirudishe mpaka ikae sawasawa. Kutu na mafuta ya vidole huzuia mengi.

Kurekodi, tumia OBS Studio. Ongeza kifaa cha video, chagua ingizo linaloitwa Composite badala ya Television, na kwenye kiwango cha video chagua PAL, maana ndicho kilichotumika Kenya. Picha ikija nyeusi na nyeupe au ikitetemeka, mara nyingi kiwango kimekaa NTSC. Hapo pana jambo la kuangalia: kama kuna kanda iliyotumwa na jamaa kutoka Marekani, hiyo ni NTSC kweli, na deki lazima iwe ya kucheza aina zote mbili.

Sauti usiipitishe kwenye kadi ya TV. Chukua waya wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, unaoishia kwenye pini moja ndogo, uingize kwenye tundu la buluu nyuma ya kompyuta. Tundu la waridi ni la maikrofoni, na sauti ya deki itakwaruza humo. Waya huo unapatikana madukani huku Luthuli bila kutafuta sana.

Andaa diski ya nje, kwa kuwa ukiendesha Ubuntu kwenye flashi, kilichohifadhiwa humo kinaweza kupotea ukizima. Picha ya PAL ni nukta 720 kwa 576, mara 25 kwa sekunde. Ukiirekodi bila kuibana inakula karibu MB 21 kila sekunde, yaani GB 75 kwa saa moja. Ukiibana kwa H.264, njia ya kupunguza ukubwa wa faili za video, kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inatosha katika GB 3.6 hivi, na kwa kanda ya VHS ubora huo unatosha kabisa.

Sasa nikusihi jambo moja. Deki yako ina thamani kuliko kadi. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kabla ya kuingiza kanda ya harusi, jaribu kwanza kanda usiyoijali. Chungulia kwenye kidirisha cha kila kanda, na ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe hiyo ni kuvu. Usiiingize, itachafua vichwa vya deki na kuambukiza kanda nyingine. Mletee fundi wa deki aisafishe. Harusi irekodi mwanzo hadi mwisho mara moja, bila kurudisha nyuma na kusimamisha, kwa sababu utepe wa umri huo ukikwama mahali pamoja huchakaa hapohapo. Halafu nakili faili kwenye diski mbili, moja ikae kwa mama.

SWALI: Mimi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Gikomba. Hati za kupokelea mzigo nazichapa kwa Epson LX-300 kwa sababu inagonga nakala tatu za kaboni kwa mpigo. Programu yangu ni ya zamani, ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows. Kompyuta ikafa, nikapewa nyingine isiyo na tundu la printa, fundi akaweka kadi ya PCI na Windows 10 ya biti 32 ili programu ifunguke. Inafunguka. Notepad inachapa. Programu yangu haichapi. Kadi ni mbovu?

JIBU: Kadi ni nzima, mzee wangu, na Notepad imekupa ushahidi. Na fundi wako alijua kazi yake, kwani Windows ya biti 64 isingefungua programu hiyo kabisa.

Tatizo ni anwani. Zamani tundu la printa lilikaa kwenye anwani ya 378 kwa hesabu ya kumi na sita, na programu za DOS zilizoea kuliita LPT1 na kulikuta hapo. Kadi ya PCI hupangiwa anwani nyingine kila kompyuta inapowaka. Windows inaifuata huko iliko, ndiyo maana Notepad inachapa. Programu yako inabisha hodi kwenye mlango wa zamani.

Fanya hivi. Iache kadi ibaki LPT3 au jina lolote lililopewa, usiilazimishe kuwa LPT1. Isakinishe Epson juu yake, kisha uifanye printa ya kushirikiwa, uipe jina fupi kama EPSON. Kwenye dirisha la amri andika `net use LPT1: \\DUKA\EPSON /persistent:yes`, ukiweka jina halisi la kompyuta yako badala ya DUKA. Kuanzia hapo, kila kinachotumwa LPT1 Windows inakishika na kukipeleka kwenye printa. Njia hii inataka mtandao wa ndani uwe hai, kwa hiyo chomeka waya kwenye swichi ya dukani. Swichi hiyo isiwe na intaneti: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yenye hesabu za duka haipaswi kuachwa wazi.

Zipo programu chache zinazoandika moja kwa moja kwenye tundu lenyewe bila kupitia DOS. Kama yako ni ya namna hiyo, fungua kasha utazame mothabodi. Mothabodi nyingi za ofisi za mtumba, hata zisipokuwa na tundu nyuma, zina safu ya pini iliyoandikwa LPT. Inahitaji waya wake na bamba tu, na tundu hilo hukaa kwenye anwani ileile ya zamani. Siku ukihamia Windows ya biti 64, muulize fundi kuhusu DOSBox-X, ambayo huendesha programu za DOS na kupitisha uchapaji kwenye printa ya Windows.

SWALI: Kwaya yetu Kawangware ina kadi ya Sound Blaster Live! tuliyorekodia kwa miaka. Kompyuta mpya ya kanisa ina Windows 11 na kadi haiingii popote. Kuna adapta ya kuigeuza?

JIBU: Adapta zipo. Zina chipu ya daraja kati ya PCI Express, sloti ya kompyuta mpya, na PCI, sloti ya zamani ya kadi yenu, na kadi nyingi huonekana kupitia hapo. Hata hivyo baadhi ya madaraja hayo, hasa ASM1083, yanajulikana kwa kukwamisha ishara za kadi, na kwa sauti utasikia mikatiko. Halafu Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na draiva za zamani za chipu yenu, EMU10K1, zingewalazimu kulegeza ulinzi wa kompyuta yenye kumbukumbu za sadaka. Nisingekubali hilo.

Kwa hiyo nyinyi nawashauri mnunue kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu la maikrofoni za XLR, inayotambulika bila kutafutiwa draiva. Sound Blaster msiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Kijana wa kwaya mwenye kompyuta ya zamani yenye sloti ya PCI anaweza kuiweka pamoja na Linux, ambako draiva ya snd-emu10k1 bado ipo, na itamfundisha kurekodi vizuri tu.