Kabla Hujamwaga Zege Kwenye Kopo

Kijana mmoja wa Wete ameniandikia akitaka kujua aanze vipi kunyanyua vyuma. Ana kilo 58, hana pesa ya jimu, ameshapata makopo mawili ya rangi, bomba, na saruji iliyobaki kwenye ujenzi. Anauliza achanganye kiasi gani "ili kifua kitoke haraka". Ujumbe wa namna hii unakuja mwingi, Unguja na Pemba, na karibu wote unaanzia kifuani. Namjibu hapa hapa, wengine nao wafaidike.

Makopo si vibaya, mdogo wangu. Kopo la lita 4 likijaa zege linakaribia kilo 9 na nusu. Mawili, pamoja na bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita moja na nusu, yanakupa kama kilo 22. Chuma kirefu cha jimu, kitupu bila sahani (yale magurudumu ya uzito yanayovishwa pembeni), kina kilo 20, kwa hiyo hujapungukiwa na kitu. Ubaya wa chuma cha saruji ni kwamba hakiongezeki. Ni kilo 22 leo na kilo 22 mwakani, na mwili haujengeki kwa mzigo ulioshauzoea. Ndiyo maana mitaani kuna watu wana miaka wanapiga tizi kwa makopo yale yale na mikono ni ile ile, kisha wanasema tatizo ni chakula.

Basi litengeneze likubali kuongezwa. Acha bomba litokeze nje ya kila kopo kwa sentimita 15. Hapo ndipo utakapofunga vifuko vya mchanga mkavu, kila kimoja kilo 1 na robo, vilivyopimwa kwenye mizani ya duka. Kimoja kila upande, umeongeza kilo 2 na nusu. Vifunge vikaze, kwani kifuko kinachoning'inia kinayumba na kukuyumbisha nawe. Mchanga wa pwani usiuguse, si kwa vifuko wala kwa zege: chumvi yake inakula bomba, na hewa yetu hapa visiwani tayari inalila vya kutosha.

Zege lenyewe ni saruji kopo 1, mchanga makopo 2, kokoto ndogo makopo 3, maji ya kulainisha tu. Watu wanamwaga saruji na mchanga bila kokoto, linapasuka mapema. Kabla ya kumwaga, mwambie fundi atoboe bomba pale litakapokaa ndani ya kopo, upitishe kipande cha nondo cha sentimita 10. Bila hicho, bomba ni laini, na siku moja kopo litazunguka au kuchomoka ukiwa umelinyanyua juu ya kichwa. Mwagia maji siku 7 ndipo ulitumie. Kisha weka katikati ya bomba juu ya ukingo wa tofali: likilala upande mmoja, sawazisha kwa kifuko, la sivyo bega moja litafanya kazi ya mawili.

Sasa hilo la kifua. Usilale chini ya chuma cha makopo. Nasema hili kwa ukali kwa sababu linaweza kuua. Sahani kubwa ya jimu ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kikianguka kwa mtu aliyelala sakafuni kinabaki sentimita 22 juu ya sakafu. Kopo la lita 4 halifiki hata sentimita 20, na bomba linabaki chini ya 10. Shingo yako haipiti hapo. Na makopo ya zege hayachomoki ukiinamisha chuma upande mmoja, kama sahani zinavyochomoka. Kifua kifanye kwa pushapu, na zikiwa nyepesi, vaa begi la skuli lenye mchanga mgongoni.

Ufupi huo huo wa kopo unaharibu na mgongo. Ukiinama kuokota bomba lililo karibu na sakafu, kiuno kinajikunja kabla hujalifikia. Weka kila kopo juu ya matofali mawili ya inchi 6 yaliyolazwa na kupandana, bomba lifike chini kidogo ya goti. Sukuma makalio nyuma, mgongo unyooke, bomba lipande likigusa miguu.

Mazoezi ni matano tu: kuchuchumaa ukiwa umekumbatia dumu la lita 5 lililojaa mchanga (kama kilo 8), pushapu, kunyanyua kutoka kwenye matofali, kuvuta bomba hadi tumboni ukiwa umeinama, na kusukuma juu ya kichwa. Hili la mwisho anza kwa madumu mawili madogo. Kilo 22 ni nyingi mno kwa bega la mgeni. Ukichuchumaa na visigino vikainuka, weka kibao chembamba chini yake. Fanya Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Wiki 2 za mwanzo seti 2 (seti ni mara zote unazofanya bila kupumzika), baadaye 3, kila seti mara 8 hadi 12, na uache ukiwa bado una nguvu ya mara 2. Pumzika dakika 2 hadi 3 baina ya seti. Ukifikisha 12 katika seti zote 3, ongeza vifuko, urudi 8. Andika kila kitu kwenye daftari. Asiyeandika hukisia, na anayekisia hujipendelea.

Akina dada wanaouliza: mpango ni huu huu.

Maumivu ya misuli yatakuja, makali zaidi siku ya pili, na hayo ni ya kawaida. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi si kawaida: misuli imevunjika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huwapata zaidi wageni wanaojikomoa siku ya kwanza, hasa kwenye joto la kaskazi. Fanya baada ya alfajiri au jua likishapoa.

Kwa chakula, lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwako ni kama 93 kwa siku. Yai moja lina 6, gramu 100 za jodari aliyepikwa zinazidi 20, maharage yaliyopikwa kikombe kimoja yana kama 15. Dagaa wakavu wanashinda kopo lolote la unga wa protini kwa bei. Boflo na chai, au urojo wa jioni, vinashibisha lakini havijengi.

Ramadhani usiache. Fanya baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa maji, punguza seti ziwe 2 na vifuko vibaki vilevile.