Msimpeleke Shomari Dubai

Wiki hii nimesoma skripti nne za wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu, na katika tatu yule rafiki mkorofi wa kundi hafiki episodi ya sita. Mmoja kagongwa na bodaboda. Mmoja kapata kazi Dubai, ndiko tunakowahamishia wahusika waliotushinda. Wa tatu kaokoka, tena kwenye mvua, kinanda kinalia kwa nyuma. Nilipouliza kulikoni, nikapewa jibu moja kwa midomo mitatu: "Kaka, si hakuna anayempenda? Sasa wanakaa naye wa nini?"

Swali ni zuri sana. Ndilo mlilotakiwa kuliandikia episodi ishirini na sita, nyie mmelifukia kwenye episodi ya tano. Sogeeni hapa basi, maana hili shimo nalijua, nimelala humo msimu mzima.

1. Tafuta muhali wao kwanza.

Mnatazama mno tamthilia za nje, zile ambazo mtu akichoshwa na mwenzake anasimama na kumwambia toka kwangu, na yule anatoka kweli. Huku kwetu nani kakuambia hivyo? Mtu anaingia saa ya chakula, unamkaribisha. Anakopa elfu kumi, unampa tano na kuomba radhi kwa ile tano nyingine. Akiondoka mnamsengenya mpaka usiku wa manane, kesho akibisha hodi mnaitikia wote kwa pamoja. Huo ni muhali, na una ploti ndani yake kuliko bastola.

Wala haujazaliwa Uswahilini peke yake. Kuna shairi la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya, limehifadhiwa kwenye hati ya Iceland ya karne ya 13. Miungu wako kwenye karamu ya pombe. Loki, mkorofi wao, kamuua mtumishi wa mwenye karamu kwa sababu tu wageni walikuwa wanamsifu, wamemkimbiza hadi porini, naye kageuza, huyo yuko mlangoni anataka kiti. Bragi, mmoja wa miungu, anamwambia kiti hakuna. Loki hahangaiki naye, anamgeukia Odin: unakumbuka tulivyochanganya damu, ukaapa hutaonja pombe mpaka tuletewe wote wawili? Na Odin, mkubwa wa miungu, anamwambia mwanawe Vidar ainuke ampishe Loki akae. Akishakaa anawatukana mmoja baada ya mwingine, mume na mke, hakuna anayepona. Muhali mtupu, na hapo hakuna Mswahili hata mmoja.

2. Mpe kitu ambacho kundi halikipati bila yeye.

Pikipiki, mjomba aliye polisi, undugu na mwenye nyumba, kimoja kinatosha. Sungura anajua Fisi ni mlafi tangu ngano ya kwanza, na ngano ya pili utawakuta wanalima shamba pamoja.

3. Hasira ya mtazamaji siyo maelekezo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa na tamthilia yangu ya pili, wapangaji watano uani Tandika. Wanne walipendwa. Wa tano alikuwa Shomari. Shomari alikuwa anakopa, anachonganisha, anasikiliza mlangoni, na alikuwa na kipaji cha kutokea sufuria linapofunuliwa. Kiti hakuwa nacho, alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na mwigizaji wake alikuwa fundi: akikaa kwenye ile ndoo anaizungusha kwanza robo, kama mtu anayetafuta mtandao.

Msimu wa pili jumbe zikaanza kumiminika. Mtoeni huyo mbwa. Hivi hawa wana akili, mbona wako naye? Nikazisoma zote, na badala ya kufurahi kwamba watu wamekesha na mhusika wangu, nikaona aibu. Nikadhani nimeacha tundu kwenye hadithi na watu wazima wamelichungulia. Episodi ya tisa nikampigisha simu moja, kaka yake kamwitia biashara ya mahindi Tunduma, kabeba begi, kaenda. Kwenye kikao nikajisifu kwamba nimesafisha ploti. Nimetumia neno hilohilo, kusafisha.

Episodi ya kumi nikaandika wale wanne wanakula. Sinia la wali, mikono minne, kipande kimoja cha nyama kimebaki katikati. Zamani hapo Shomari angesema "naonja tu", nyama ikaenda, Mwajuma akamtazama Beka, Beka akatazama ukuta. Ule mtazamo ndio uliokuwa urafiki wao. Waliwahi kukubaliana mambo mangapi kwa jicho tu, kwa sababu mtu wa kukwepwa alikuwa ameketi palepale! Sasa nyama imelala, hakuna wa kuichukua. Beka akasema kula wewe. Mwajuma akasema hapana, kula wewe. Nikaendelea hivyo nusu ukurasa, Mungu anisamehe, na ikarushwa.

Episodi ya kumi na moja nikahitaji mtu wa kuvujisha siri ya Mwajuma. Zamani kazi hiyo ina mwenyewe. Nikampa Beka. Ya kumi na mbili nikahitaji mtu wa kula hela ya upatu, nikampa Zena, ambaye msimu wa kwanza alikuwa anauza hereni zake kumlipia jirani hospitali. Ya kumi na tatu, kusikiliza mlangoni, nikampa mzee Kibwana, mtu wa swala tano. Yaani nilimchinja Shomari nikamgawa mafungu, kila mmoja kaondoka na pande lake, na nilipoinua kichwa nilikuwa na watu wanne wasiopendeka na hakuna hata mmoja wa kuwachekesha. Jumbe zikapungua. Mkae mkijua, mtazamaji anayetukana bado yupo. Aliyenyamaza kashahama chaneli.

Na kwenye seti ile ndoo ilibaki. Kijana wa vifaa aliendelea kuiweka mahali pake kwa mazoea, na waigizaji waliipita pembeni kama kuna mtu. Siku ya tatu dairekta akafoka itolewe. Ikatolewa, tukatazama kwenye monita, fremu ikaonekana kama mdomo uliong'olewa jino la mbele. Akasema irudishwe.

Siku aliyokuja kuchukua malipo ya mwisho, mwigizaji wa Shomari alinisubiri nje, kofia mkononi. "Kaka, nimekosea wapi? Uniambie nijirekebishe." Alikuwa hajakosea popote. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri kiasi kwamba mimi mwandishi wake nikamwamini, nikamchukia pamoja na watazamaji. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita akijua msimu utafika mwisho. Nilimwambia hadithi ndiyo imetaka hivyo. Hadithi haitaki kitu, wadogo zangu. Anayetaka ni mtu aliyeshika kalamu, na siku ile nilijificha nyuma yake.

Nilimrudisha episodi ya kumi na sita. Ili arudi ilibidi hatimaye nilijibu lile swali lenu: kwa nini wampokee? Nikachukua daftari nikauliza mmoja mmoja, kama mjumbe wa nyumba kumi. Beka alidhani Shomari ni mtu wa Mwajuma, kwa sababu wanatoka kijiji kimoja. Mwajuma alidhani ni wa Beka, wamesoma pamoja. Zena alimkuta. Mzee Kibwana alimvumilia kwa heshima ya Zena. Kumbe kila mmoja alikuwa anamstahi kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake hana habari! Msimu mzima wa vichekesho ulikuwa umejificha pale, nami nilikuwa nimempandisha basi la Tunduma. Sini ya kurudi niliiandika bila neno. Kaingia na begi, kaikuta ndoo, kaizungusha robo, kakaa. Zena kamsogezea sinia. Ni sini bora niliyowahi kuandika na ilichelewa. Kituo hakikutupa msimu wa tatu.

4. Ukweli mchungu mpe yeye.

Kwenye utenzi wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, kuna Thersites, mtu mwenye sura mbaya kuliko wote waliokwenda kwenye vita vya Troy, anasimama mbele ya jeshi na kumwambia mkuu wao Agamemnon kuwa ni mroho. Achilles, shujaa wao mkubwa, alishasema karibu hayohayo nyuma kidogo, na hakuna aliyemcheka. Thersites anachapwa fimbo, jeshi zima linacheka. Ukweli ni uleule. Ukimpa mhusika mpendwa unakuwa hotuba, ukimpa Shomari unakuwa sini, maana wenzake lazima wachague kumsikia au kumpiga.

5. Mtunzeni anayemwigiza.

Mwenzetu mmoja alinyimwa nyanya sokoni na mama muuzaji, hela yake mkononi, kwa alichomfanyia Zena juzi. Akarudi seti amenuna, nikamwambia hiyo ndiyo tuzo. Hakucheka. Siku hizi nikiona mtu anaigiza nafasi hiyo namnunulia chai mbele za watu, waone kwamba ana marafiki.

Kulikuwa na namba sita, inahusu majina, nimeisahau.

Skripti zenu nimezirudisha. Wa bodaboda, mgonjwa wako azinduke. Aliyeokoka mwacheni, lakini aanze kukusanya sadaka za wenzake. Na wewe wa Dubai, nataka jamaa yako awe amerudi uani kabla ya kikao cha Ijumaa, na nauli ya ndege awe amekopa kwa yule asiyempenda kuliko wote.