Kuhama Dar kwenda Mwanza kwa gari na mbwa na paka: yaliyotukuta njiani

Dada, umeuliza kama unaweza kuhama Dar kwenda Mwanza na Noah yenu, wewe, mume, watoto wawili, mbwa mmoja na paka wawili, au uwagawe kwa majirani kama wachangiaji wawili watatu walivyokushauri hapo juu. Unaweza. Sisi tulihama hivyo hivyo Desemba 2022 tukiwa watu watano, mbwa wetu Bobi, na paka wawili, Nyau na Chausiku. Nitaandika kwa urefu kwa sababu kuna mahali tulikosea vibaya, na sitaki mwingine apitie usiku ule tulioupitia sisi.

Kwanza malizana na mwenye nyumba wa Mwanza. Mwambie wazi kuwa una mbwa kabla hujalipa kodi ya miezi sita, kwa sababu wako wanaokubali kila kitu mpaka wamuone mbwa anashuka kwenye gari.

Pili, aliyekuambia mbwa apande Fuso pamoja na vyombo, naomba usimsikilize. Jirani yetu wa Tabata alifanya hivyo. Alimfunga mbwa kamba katikati ya makabati, juu wakatandika turubai, na lori likaondoka saa nne asubuhi. Walipofungua turubai Dodoma, mbwa alikuwa ameshakufa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na chini ya turubai anahema hewa ileile ya moto. Kamba ikinasa hawezi kusogea, na dereva huko mbele hasikii kitu. Buti la basi ni hivyo hivyo. Na paka kwenye gunia, najua wazee wetu walikuwa wanambeba hivyo ili asijue njia ya kurudi, lakini hiyo ilikuwa safari ya kijiji hadi kijiji, si kilomita zaidi ya 1,100.

Kwa hiyo wanasafiri na nyinyi, ndani ya gari lenu. Sisi tuling'oa siti ya nyuma kabisa, tukatandika mkeka na blanketi kuukuu, Bobi akakaa pale akiwa amefungwa mkanda wa kifuani, siyo kola ya shingo, maana gari likifunga breki ghafla kola inamkaba. Mama mkwe alikuwa na sisi, naye ni mtu wa swala tano, hakutaka mate ya mbwa yamguse nguo. Tulimweka mbele pembeni ya dereva, na katikati tukapanga mabegi kama ukuta. Hilo lizungumzeni mapema nyumbani, msije mkaanza kubishana Kimara.

Paka tuliwatengenezea kibanda cha kreti mbili za plastiki, zile za mikate, moja tumeifunika juu ya nyingine na kuzifunga kwa waya. Tenga la kuku sikulipenda kwa sababu fito zinatafunika. Wiki mbili kabla ya safari kreti lilikaa sebuleni likiwa wazi, ndani tumeweka kanga ya mke wangu ambayo haijafuliwa, na chakula chao tukawa tunakiweka humo. Siku ya safari waliingia wenyewe. Bobi naye tulikuwa tunampandisha gari kila jioni, tunazunguka mpaka Segerea na kurudi. Siku za kwanza alitapika, baadaye akazoea.

Chanjo ya kichaa cha mbwa fanya mwezi mmoja kabla, wote watatu, na kadi zikae kwenye droo ya gari. Daktari wa mifugo alituandikia pia barua kuwa wanyama ni wazima. Njiani tuliulizwa mara moja tu, tukaonyesha, tukapita. Muulize huyo huyo daktari kuhusu dawa ya kichefuchefu, na usitoe dawa yoyote ya binadamu kwa kukisia. Paka akilia sana mtu anaweza kukushauri umpe Panadol. Panadol inaua paka, hata kipande kidogo.

Sasa safari yenyewe. Tuliondoka saa kumi alfajiri ili tupite Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa na jua halijatoka. Hapo tulifanya vizuri. Wanyama walikula mara ya mwisho saa moja usiku wa jana yake, asubuhi maji kidogo tu. Nyau alilia kutoka Kibamba mpaka Mlandizi, sauti ile ya kukwaruza inayokufanya ujione muuaji. Mwanangu mdogo akaanza kulia naye. Tulifunika kreti kwa kitenge chepesi, ubavu mmoja ukabaki wazi wa hewa, akanyamaza. Morogoro tulifika saa mbili asubuhi, Bobi akashushwa kwa kamba, akakojoa, akanywa maji.

Dumila na Gairo kuwa makini na vioo. Ukisimama tu, vijana wanakimbilia dirishani na ndoo za nyanya na viazi vitamu, na mbwa aliyechoka hajui kuwa huyo ni mfanyabiashara. Kijana mmoja aliingiza mkono dirisha la nyuma kutuonyesha viazi, Bobi akamrukia. Meno yaligonga kioo, mkono ukapona. Toka hapo kioo cha nyuma kilishuka vidole viwili tu, na tukawa tunasimama nje ya miji, kwenye kivuli cha mti.

Joto ndilo adui wako mkubwa, hasa kuanzia Dodoma kwenda Bahi na Manyoni. Usimwache mnyama ndani ya gari lililosimama juani, hata mkienda kununua maji tu, hata kama vioo viko wazi kidogo. Dakika kumi zinatosha kumwangusha. Sisi wakati wa kula tulikuwa tunapokezana, mmoja anabaki na wanyama kivulini. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito kama uji, na anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, makwapani na kwenye nyayo, mpepee, kisha mtafute daktari. Maji ya kunywa beba ya nyumbani, madumu mawili. Ya Dodoma na Singida mengi yana chumvi, na tumbo la mbwa likiharibika mkiwa barabarani mtakoma nyote.

Kosa letu kubwa ni kwamba Dodoma tulifika saa nane mchana, tukajiona bado tuna nguvu, tukasema tusonge mpaka Singida. Yaani kama kilomita 690 kwa siku moja na watoto. Tulifika gesti saa mbili usiku, giza, watoto wamelala, mimi macho yanawaka. Mke wangu akafungua mlango wa pembeni, mimi nikainua kreti kwa upande, kumbe ule waya ulikuwa umelegea kwa mtikisiko wa njia nzima. Kreti la juu likafunguka kama kinywa. Chausiku alitoka. Ni paka mweusi, usiku, mji ambao hana anachokijua. Nilisikia tu kucha zake kwenye kokoto, kisha basi.

Tulimtafuta mpaka saa sita. Mlinzi wa gesti, mzee mmoja mwenye koti kubwa la baridi, akatuambia tuache kukimbia na matochi kwa sababu tunamfukuza. Akasema paka mgeni haendi mbali usiku wa kwanza, anajibana mahali pembamba karibu na alipotokea, na atatoka kukiwa kimya. Tukaweka ile kanga chini, pembeni ya tairi. Watoto tuliwapeleka kulala lakini binti yangu alikataa. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa anawalisha, na kila jioni alikuwa anagonga kopo la maziwa tunalohifadhia dagaa, mara tatu kwa kijiko. Alikaa kwenye ngazi na kopo lake, anagonga mara tatu, ananyamaza, anagonga tena. Ilikuwa kama saa tisa usiku aliponigusa bega. Chausiku alikuwa amekaa juu ya kanga, mkia umezungushwa miguuni, anamwangalia yeye tu. Mimi nilibaki palepale nilipo, nikamwacha binti amchukue mwenyewe. Yule mzee nilimpa kilichokuwa mfukoni.

Kwa hiyo wewe lala Dodoma. Siku ya pili mnaondoka alfajiri tena, mnapumzika Singida saa za jua kali, halafu mnalala Nzega. Siku ya tatu zinabaki kama kilomita 245 kupita Shinyanga, mnaingia Mwanza mchana, mnafungua nyumba mpya mkiwa mnaona mnachofanya. Gesti piga simu kabla, taja mbwa, omba chumba cha chini chenye ua na geti. Mkifika, mlango wa gari haufunguliwi mpaka mtu mmoja ametamka kuwa kreti limefungwa na kamba ya mbwa iko mkononi. Na kreti linafunguliwa chumbani, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa.

Ukitoka Singida utateremka Sekenke. Kona zile teremka taratibu, Nyau alitapika pale. Baada ya hapo ni tambarare ya Wembere, barabara imenyooka mpaka Igunga, na wote watatu walilala fofofo.

Mwanza, paka tuliwafungia chumba kimoja wiki tatu, na ile kanga, bila kuifua. Majirani walisema tunawatesa. Lakini paka akitolewa siku ya kwanza anaanza kutafuta nyumba ya zamani, na hapo humpati tena. Bobi tulikuwa tunamtembeza kwa kamba kuzunguka uzio asubuhi na jioni mpaka akajua mipaka. Wiki ya nne nilifungua mlango wa nyuma jioni, kabla ya chakula chao. Nyumba yetu ya Buswelu ina mawe makubwa nyuma, unayajua mawe ya Mwanza. Chausiku alipanda jiwe la kwanza, la pili, akapotelea juu. Binti akagonga kopo mara tatu, naye akashuka.

Ukishapanga tarehe niandikie, nitakupa namba ya gesti ya Nzega iliyotupokea na mbwa tulipopita tena mwaka uliofuata. Hapa hadharani sitaiweka.