Usilipie hiyo seti kwanza, soma yaliyonikuta Songea

Dada rudisha hiyo kadi kwenye pochi. Nimesoma swali lako, uko Dallas, unafundisha wanao nyumbani, mmoja miaka 9 mwingine 12, umepata seti nzima ya historia ya dunia kwa dola 540 na muuzaji kakwambia haina upande wowote, ni ukweli mtupu, unauliza uanze nao umri gani na habari za utumwa uziingizeje. Hayo maneno ya "haina upande" na mimi niliuziwa, hapahapa Texas, kwenye maonyesho ya vitabu vya homskuli, na mama mmoja anaongea kwa upole mpaka unajisikia vibaya kumuuliza swali la pili. Alinishika mkono akasema dada yangu hivi ndivyo vitabu pekee ambavyo mzazi hahitaji kukaa pembeni, mtoto anasoma mwenyewe. Na kiongozi wa kikundi chetu naye akasimama akaapia kwamba watoto wake wote wamepita humo. Nikatoa hela. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wake juu ya wangu nachemka.

Sasa sikiliza kilichotokea. Desemba 2022 tulienda nyumbani, upande wa mume wangu ni Wangoni wa Songea. Kijana wangu alikua na miaka 11 na alikua kamaliza sura ya Afrika, nikampa kazi aandike kurasa mbili kuhusu Vita vya Maji Maji ili akamsomee babu yake. Niliona nimefanya jambo la maana sana yaani mtoto wa Marekani anaenda kwao na historia ya kwao mkononi.

Tumekula tumemaliza, mzee anamuuliza haya mjukuu wangu wanakufundisha nini huko, mtoto akasimama kwa furaha akaanza. Babu, kulikua na mganga anaitwa Kinjikitile akawadanganya watu kwamba maji yatageuza risasi, wakaasi, wakamuua askofu Cassian Spiss na mabruda wawili na masista wawili, Wajerumani wakarudisha amani, alafu njaa ikaja watu wengi wakafa. Mzee akauliza, watu gani hao waliokufa? Mtoto akaangalia karatasi yake akasema, wenyeji.

Mzee hakugomba. Alimuuliza tu, huyo askofu umemjua jina, hawa wengine hawakua na majina? Mtoto akapekua tena karatasi. Hamna. Hata Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni kwenye vita hivyo, ambaye mji tuliokaa ndani yake unaitwa kwa jina lake, hakuwemo.

Asubuhi mzee akatupeleka Makumbusho ya Majimaji, akamsimamisha mtoto pale kwenye makaburi ya walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 akamwambia soma majina, kwa sauti. Akasoma moja moja mpaka akafika kwenye jina la ukoo wake mwenyewe, akasimama. Akageuka akaniangalia mimi, sio babu yake. Akasema mama, wewe ulikua unajua?

Nilikua najua dada. Hiyo ndio inayoniuma. Nimesoma shule ya msingi Tanzania, Maji Maji nimeikariri toka niko mdogo, na ile sura niliipitia kabla sijampa mtoto, nikakagua tarehe, 1905 mpaka 1907 sawa, Kinjikitile kunyongwa Agosti 1905 sawa, askofu kuuawa mwezi huohuo sawa, nikaweka tiki. Hakuna sentensi ya uongo mle. Kweli askofu na wenzake waliuawa na kweli njaa ilikuja. Ndio maana nakwambia habari ya kukagua kama kitabu kinasema kweli haitoshi, mimi nilikagua nikapasi, mtoto akaenda kuaibika mbele ya babu yake.

Kilichokua kimeachwa ni kwamba watu walilazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya serikali na malipo ni kama hakuna, na ile njaa haikuja yenyewe kama mvua, jeshi la von Götzen, gavana wa Kijerumani, lilichoma vijiji, likachoma maghala na mazao kusudi watu washindwe kuendelea kupigana. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo kama 75,000, watafiti waliokuja baadae wanasema 250,000 mpaka 300,000. Hao wote kwenye kitabu cha dola mia tano ni "njaa ikaja".

Na hapa ndio nikashtukia kitu ambacho sisi wa Kiswahili tunacho mdomoni bure. Siku hizi mtoto akisoma aya yoyote ya Kiingereza namwambia nisimulie kwa Kiswahili, alafu nasikiliza kitenzi. Akisema maghala yaliungua, namuuliza yaliungua yenyewe? Anasema yalichomwa. Yalichomwa na nani? Akirudi kitabuni akakuta huyo nani hayupo, tushampata mwandishi, tunajua anamficha nani. Mdogo wake naye kashaizoea, juzi baba yao kasema kikombe kimevunjika, katoto kakadakia, kimevunjika au umekivunja?

Kosa langu la pili sitalirefusha. Kwa hasira niliporudi nikanunua kitabu cha upande wa pili kabisa, mashujaa mwanzo mwisho, makabila yote yameungana kama ndugu. Ikabidi mzee huyohuyo kwenye simu amwambie mjukuu wake hapana, Wahehe hawakuingia, Kiwanga wa Wabena alikua upande wa Wajerumani, na askari waliokua wanachoma vile vijiji wengi walikua Waafrika. Akaongeza na sisi Wangoni kabla ya Mjerumani tulikua tunawavamia majirani zetu, hilo nalo uliandike. Nilimheshimu sana mzee siku ile.

Kwahiyo sheria yangu ni moja na sitoki hapo. Tukio moja, vitabu viwili visivyokubaliana, mezani siku moja. Sio kimoja mwaka huu kingine mwakani, siku moja, na kabla hawajafungua wanasoma kwanza kaandika nani, mwaka gani, na alimuuliza nani. Von Götzen mwenyewe aliandika kitabu kuhusu vita hivyo mwaka 1909, mtu aliyeamrisha ndio anasimulia. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo pale Dar walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokua bado hai, majibu yao yakaandikwa. Weka hivyo viwili pamoja, hata wa miaka 9 anaona nani alimuuliza nani.

Na hapo kwenye swali lako la utumwa ni hivyohivyo. Kitabu kikisema Texas ilijitoa Marekani kupigania haki za majimbo, weka pembeni yake tamko lenyewe la Texas la Februari 1861, liko wazi kwenye intaneti, limetaja utumwa bila aibu. Na usidhani shule wamepona, mwaka 2015 mama mmoja wa hapahapa Texas alipata kwa mwanae kitabu cha jiografia kinawaita watumwa waliovushwa bahari "wafanyakazi".

Mtu anayekuuzia seti na kukwambia usikae pembeni ya mtoto, ndugu yangu huyo mkimbie. Piga picha ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la mwandishi na mwaka, na ukurasa wowote unaotaja Afrika, weka hapa leo tuusome wote kabla hujalipa.